Kupanda Mti kwa Kamba, na Kumsaidia Aliyeanguka

Somo kwa wamama wa kliniki, Kasumbalesa



Somo la leo halihusu uji wala chanjo. Linahusu kupanda mti. Najua mama mmoja atasema: «Ile ni kazi ya ba baba. Juu ya nini banatufundisha shiye?» Jibu ni hili: ba baba hawaketi kwenye benchi hii. Tena, ni mama anayemwambia mtoto, «Panda upesi, utuletee maembe.» Ni mama anayetunza kamba nyumbani. Na mtu akianguka, ni mama anayeitwa wa kwanza, mikono ingali na unga wa bukari. Lile analofanya katika nusu saa ile laweza kumfanya yule mtu atembee tena au asitembee kamwe.

MAJIRA YA KUPANDA

Kwetu huku mvua huanza mwezi wa 10 au wa 11. Mara maembe yanaanza kuiva, na hayaishi mpaka mwaka mpya. Finkubala wanatokea kwenye majani ya mutondo na muputu. Wenye kutafuta asali wanaingia pori. Kila mmoja anatazama juu, na kila mmoja anapanda. Lakini ndiyo miezi ambayo ganda la mti limelowa na kuteleza kama sabuni, na tawi lililokufa wakati wa jua limenyonya maji na kuoza ndani. Kwa macho ni tawi zima. Mguu ukikanyaga, linavunjika.

Tena ni miezi ya malaria. Mtasema malaria na mwembe vinahusiana wapi. Tutafika hapo, na msisahau swali hilo, maana kuna watoto waliokufa kwa sababu yake.

ALIYEKUWA ANACHEZESHA VIDOLE

Mama mmoja alimleta mume wake kwetu mwezi wa 12. Mume alipanda muputu kutafuta asali, akaanguka kutoka kimo cha nyumba. Majirani walikuja mbio, watu wema, hatuwalaumu. Wakamshika chini ya makwapa, wakamwinua, wakamketisha juu ya kinga, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakasukuma kilometa nyingi mpaka barabarani. Alipofika kwetu miguu yake haikusikia kitu, hata sindano.

Mke wake alituambia hivi: «Pale chini alikuwa anachezesha vidole vya miguu. Miye nilimuona. Kiisha kumuweka ku kinga, njo vilinyamaza.»

Mgongo wa mtu ni mifupa midogo iliyopangwa moja juu ya nyingine, kama vikombe. Katikati yake inapita kamba laini inayochukua habari kutoka kichwa kwenda miguuni, kwenye kibofu, na kwa mgonjwa aliyevunjika shingo, hata kwenye pumzi. Mfupa ukivunjika, mara nyingine kamba ile inabaki nzima. Mgonjwa anachezesha vidole. Halafu tunamwinua, tunamkunja, na ule mfupa uliovunjika unaisaga kamba. Ikikatika hairudi. Hakuna dawa wala operesheni ya kuiunganisha, si kwetu, si Ulaya, si Marekani.

Yule baba anaishi. Mke wake anamgeuza kitandani kila saa 2, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulalia. Kwa ajili yake tumeandika somo hili.

KWA NINI MTU ANAANGUKA

Waliopona tunawauliza: ulikuwa unafanya nini? Ni wachache wanaosema, nilikuwa ninapanda. Wengi wanasema, nilikuwa nimeshafika. Walikuwa juu tayari, wananyosha mkono kwa embe la mwisho, wanatikisa tawi, wanapuliza moshi, wanakata kwa shoka.

Tazameni jambo hili. Mtu anayepanda kwa mikono mitupu anashikilia mwili wake kwa mikono miwili. Akifika juu, mikono hiyohiyo inatakiwa kufanya kazi. Basi mkono mmoja unaacha mti, na mmoja unabaki na uzito wote. Nyuki akimchoma jicho, mkono ule nao unaachia, bila yeye kupenda. Zakayo wa Injili alipanda mkuyu kutazama tu, hakubeba ndoo wala shoka, ndiyo maana alishuka upesi na salama.

Kwa hiyo dawa si kumwambia mtu, «Shika sana.» Dawa ni kitu kingine kishike mwili wake, mikono ipate kufanya kazi. Na kitu hicho lazima kiwe chepesi. Mwenye kutafuta asali anaamka usiku, anakwenda mbali kwa miguu au kwa kinga. Ngazi ya mbao haendi nayo. Ukimpa kitu kizito atakiacha nyumbani nyuma ya mlango, na siku ya kuanguka kitakuwa palepale nyuma ya mlango.

Lazima pia kisifanye kelele. Ukigonga shina kwa shoka, nyuki wanasikia mtikisiko kabla hujafika nusu ya mti, nao wanakungoja kwa hasira. Wenye kuwinda wanajua jambo hilo vilevile, maana nyama ya pori inakimbia sauti ya chuma kabla ya kuona mtu.

WATU WA MAHALI PENGINE WANAPANDAJE?

Pwani ya Kenya na Tanzania, na Zanzibar, kuna wakwezi wa minazi. Mkwezi anatia kitanzi cha kamba kwenye nyayo zake mbili, kinaitwa pingu, akibana shina kwa miguu na kujisukuma kama jongoo. Penginepo wanachonga vidato kwenye shina, mahali pa kuweka kidole cha mguu. Mnazi hauna matawi njiani, kwa hiyo njia ile ni nzuri kwake. Lakini mkwezi akishikwa na kizunguzungu, pingu haimzuii. Inasaidia miguu tu.

Karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, Wahadza wanapanda mibuyu mikubwa kutafuta asali. Wanachonga vijiti vya mti mgumu na kuvipigilia kwenye shina, kimoja juu ya kingine, wakikanyaga kile walichopigilia sasa hivi. Mbuyu ni laini kama kiazi, unakubali. Mutondo wetu haukubali hivyo. Utapiga mpaka jioni, na nyuki wote wameamka.

Kule Kwilu na Equateur, katika nchi yetu hii, wakata ngazi za mawese wanatumia mshipi. Ni duara moja kubwa la kamba ngumu linalozunguka mgongo wa mtu na shina la mti pamoja. Mtu anaegemea nyuma, miguu inasukuma shina, mshipi unamshika. Anajivuta karibu kidogo, anarusha mshipi juu, anapanda hatua mbili, anaegemea tena. Wamama waliotoka upande ule wameona njia hii tangu utoto, waulizeni. Mikono inapata nafasi, na hakuna sauti ila ya miguu.

Na Marekani, wawindaji wa kulungu wanaopanda miti kungojea nyama walianguka sana, hata kuanguka kukawa moja ya sababu kubwa za wawindaji kuumia kule. Siku hizi baadhi yao hawabebi tena viti vizito vya chuma. Wanavaa mshipi mpana unaopita chini ya makalio na kuzunguka mapaja, kama kiti cha kitambaa, na wana kamba mbili: moja ya kupandia, moja ya kukalia. Mzigo wote unaingia mfukoni. Ukitazama vizuri ni mshipi uleule wa mkata mawese, umeongezewa kamba ya pili tu.

Kamba ya pili, wamama, ndiyo neno kubwa la somo hili.

KAMBA MBILI

Mti wa huku kwetu una matawi. Mshipi mmoja unapanda vizuri mpaka tawi la kwanza, halafu unakwama. Mtu anafanya nini? Anaufungua, auzungushe juu ya tawi. Kwa dakika ile hana kitu kinachomshika, na dakika ile ndiyo anayoanguka.

Basi awe na kamba mbili. Akifika chini ya tawi, abaki amefungwa kwa mshipi wa kwanza. Achukue kamba ya pili, aizungushe juu ya tawi, aifunge, aivute kwa nguvu, aitazame. Kiisha hapo ndipo afungue ule wa kwanza. Moja isifunguliwe kabla nyingine haijafungwa. Mfundisheni hata mtoto maneno hayo, ayaseme kwa sauti akiwa juu.

Mshipi wa kukalia usiwe kiunoni tu. Mtu akiteleza na mshipi uko kiunoni peke yake, unapanda mpaka mbavuni, unamkaba, pumzi inakuwa shida. Lazima kipande kimoja kipite chini ya makalio na vingine vizunguke kila paja, hivi kwamba mtu akining'inia anakaa, hakabwi.

Kamba ya juu ifungwe mahali panapozidi kichwa chake, nayo isilegee. Kamba iliyolegea mita 2 inamwacha mtu aanguke mita 2 kwanza, halafu inamkata kwa nguvu. Kamba iliyonyooka haimwachi aanguke hata kidogo.

Kuna fundo moja zuri la kufupisha kamba bila kufungua. Chukua kamba nyembamba, uifunge iwe duara dogo. Izungushe mara 3 juu ya kamba kubwa, kila mzunguko ukipita ndani ya duara lenyewe, mizunguko ilale kando kwa kando bila kupandana. Ukiisukuma kwa mkono inateleza kwenda juu au chini. Ukiikalia inauma, haiendi. Linaitwa fundo la Prusik, kwa jina la mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Kamba nyembamba lazima iwe nyembamba kweli kuliko ile kubwa, na ile kubwa iwe ya mviringo. Juu ya mkanda wa bapa fundo hili halishiki. Kamba ikiwa na matope au imelowa, jaribu kwanza karibu na ardhi.

Vyote hivi pamoja, mshipi na kamba mbili, havizidi kilo 3. Ni uzito wa mtoto aliyezaliwa leo. Hakuna baba atakayesema ni mzigo.

KAMBA YATOKA WAPI?

Kasumbalesa ni mji wa malori, tunamshukuru Mungu na tunavumilia vumbi. Kwa hiyo hapa hapakosi mikanda ya kufungia mizigo, ile mipana ya sentimeta 5. Mkanda wa namna ile unafaa sana kuwa kiti, maana ni mpana, haukati nyama ya mguu, hauvutiki kama mpira. Kwa kamba za juu, tafuta kamba ya nailoni ya mviringo, unene wa kidole kidogo.

Lakini malori hayohayo yanachukua asidi kwenda migodini. Kamba ya nailoni iliyoguswa na asidi inaoza ndani, na kwa nje unaweza usione kitu. Kamba iliyookotwa barabarani, iliyofungwa kwenye lori la asidi, iliyokaa karibu na betri ya gari, iacheni. Hata ya kuanikia nguo isifae.

Kamba ya maganda ya mti, ile wazee wanayochuna kwa mutondo, ni nzuri kufungia makala. Ikiwa mbichi ina nguvu. Ikikauka inakatika, ikilowa na kukauka mara nyingi inaoza. Isimbebe mtu. Kamba ya katani vilevile, mvua mbili tatu tu na haina maana. Mpira wa ndani wa gurudumu unavutika, usijaribu.

Kazi ya kupima kamba tunaiweka mikononi mwa mama, kwa sababu mama anajua kupima. Anayechambua mchele anaona jiwe moja kati ya elfu. Kabla mume hajaondoka, pitisha kamba yote kati ya vidole, polepole, ukifumba macho kama unapenda. Ukisikia mahali pembamba, mahali pagumu palipoungua, nyuzi zilizokatika, au meno ya panya, kamba ile imekwisha. Usifunge fundo juu ya ubovu. Ikate vipande, ifungie mbuzi. Kamba nzima uitundike ndani ya nyumba, mahali pakavu, mbali na jua na moshi.

Kamba mpya ijaribiwe chini kwanza. Ifungwe kwenye tawi, watu wazima wawili wajining'inize pamoja, miguu ikiwa sentimeta chache juu ya ardhi. Na mwenyewe ajifunze hapohapo chini, kimo cha goti: kukaa, kuegemea, kubadilisha kamba, kushuka. Afanye hivyo siku nyingi, mpaka watoto wachoke kumcheka.

MSHIPI HAUTOSHI

Tusiwadanganye. Mshipi unazuia kuanguka, hauzuii yote.

Mtu aliyefungwa hawezi kukimbia nyuki. Ameona wanakuja, anachukua kisu, anakata kamba yake mwenyewe, anaanguka. Kwa hiyo moshi uende mbele yake, apande jioni, avae nguo nzito na kufunika uso, na awe amejifunza kushuka upesi bila kukata. Asiyejua kushuka asipande kwa asali. Akichomwa, miiba itolewe upesi, ikwanguliwe kwa ukucha. Miiba inaendelea kutia sumu. Uso na midomo ikivimba, au pumzi ikilia, ni hospitali maramoja. (Na tukiwa bado kwenye asali: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambe asali hata kidogo, hata ya kikohozi. Kuna kijidudu ndani yake ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukishinda, nacho kinalegeza mwili wote.)

Mtu aliyezimia akaning'inia kwenye mshipi naye yuko hatarini. Damu inakaa miguuni, hairudi moyoni, na anaweza kufa akiwa hajaanguka. Asiachwe mpaka watu wapate ngazi kutoka kijiji cha pili. Ashushwe upesi, kwa kamba, polepole na mikononi. Ikiwa bado ana akili, mwambieni asukume shina kwa miguu, achezeshe miguu bila kuacha. Kwa sababu hiyo hakuna anayepanda peke yake. Awepo mwingine chini, si chini kabisa ya mti, bali kando, asipigwe na tawi au shoka.

Anayewinda usiku juu ya mti anasinzia. Sheria ya uwindaji nchini ni ya mwaka 1982, hatuisomi hapa, na hatumwambii mtu aivunje. Lakini mama, mume wako akienda pori, akwambie ni upande gani na atarudi siku gani. Mtu aliyeanguka na hajulikani aliko, hakuna muganga wa kumsaidia.

Aliyekunywa lutuku asipande. Mwenye kifafa asipande. Mama mjamzito asipande, hata kama masuku yanaanguka bure na majirani wanaokota.

Na watoto? Mtoto hapewi mshipi. Mtoto apewe mti mrefu wenye kulabu na kifuko mwishoni, achume maembe akiwa chini. Kazi ya kutengeneza ni ya saa moja: ufito mrefu, waya kidogo, mfuko wa sukari. Maembe hayapondeki, na mtoto havunjiki. Kwa finkubala vilevile, ngojeni kidogo. Mdudu akikomaa anashuka mwenyewe kwa shina, anatafuta udongo wa kujizika, na hapo mama anaokota bila kupanda na bila kukata mti. Najua mtasema, «Tukingojea, bengine banakamata.» Ni kweli. Lakini mti uliokatwa mwaka huu, mwaka kesho hauna finkubala wala kivuli.

AKIWA ATAANGUKA

Sasa mama umeitwa. Umefika. Amelala chini.

Usimwinue. Usimwambie, «Simama tuone.» Usimketishe. Wazuieni wale wenye nguvu, maana watakuja wamekunja mikono wakitaka kubeba. Piga magoti karibu na kichwa chake, shika kichwa pande mbili kwa mikono yako, kibaki jinsi kilivyo. Sema naye. Mwambie asigeuze shingo.

Tazama kama anapumua. Damu ikitoka sana, mwingine abonyeze kidonda kwa kitambaa safi, asiachie. Muulize: unasikia miguu yako? Chezesha vidole. Chezesha vya mikono. Akiweza, mshukuru Mungu, lakini bado usimwinue. Kumbuka yule baba wa muputu.

Akitapika, au amezimia na koo linakoroma, lazima alale ubavu asisongwe. Hapo watu 4 wamgeuze pamoja kama gogo moja: mmoja kichwa, mmoja mabega, mmoja kiuno, mmoja miguu. Mwenye kichwa ndiye anayehesabu, na wote wanageuza kwa neno lake. Pumzi inatangulia mgongo.

Wengine waende wakang'oe mlango. Ndiyo, mlango wa nyumba, au ubao wa kitanda. Mlango utarudishwa jioni. Wamgeuze kama gogo, mlango uingizwe chini yake, arudishwe juu yake. Nguo zilizokunjwa ziwekwe pande mbili za kichwa. Afungwe kwenye mlango kwa vitenge: kifuani, kiunoni, mapajani. Hapo ndipo abebwe. Asipandishwe pikipiki wala kinga, hata kama pikipiki iko palepale na mwenyewe hataki malipo. Tafuteni gari ambalo mlango unaweza kuingia. Kama ni mbali, bora achelewe saa mbili akiwa amelala sawa kuliko afike upesi akiwa amekunjwa. Ila yule anayetoka damu bila kukoma, au pumzi inamkataa, huyo hawezi kungoja. Mpelekeni juu ya mlango kwa gari la kwanza.

Asile, asinywe, hata maji. Labda atahitaji operesheni. Asikandwe kwa maji ya moto. Asichanjwe, asinyoshwe na mzee wa mifupa. Kwa mkono uliovunjika, fungeni vijiti viwili jinsi mkono ulivyo, msiunyoshe.

MTOTO ALIYEINUKA NA KUCHEKA

Sasa lile swali la malaria. Mtoto ameanguka kutoka mwembeni, amelia kidogo, amesimama, anacheza. Mama anafurahi. Usiku mtoto anasema tumbo linauma. Asubuhi ni mweupe midomoni. Saa chache tena, amekufa, na watu wanatafuta mchawi.

Hakuna mchawi. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuna bandama. Kwa mtoto aliyeugua malaria mara nyingi bandama inavimba, inakuwa kubwa na laini, inatoka nje ya mbavu zilizokuwa zikiikinga. Ikigongwa na tawi inapasuka, na damu inamwagika ndani ya tumbo ambapo jicho halioni. Mara nyingine inapasuka kidogo, inangoja siku kadhaa, kisha inapasuka kabisa.

Kwa hiyo mtoto aliyeanguka na kugonga tumbo aletwe, hata akicheka. Na usingoje hata asubuhi ukiona haya: tumbo gumu au linalovimba, maumivu yanayopanda bega la kushoto, midomo na viganja vyeupe, jasho baridi, kiu isiyoisha, moyo unaokimbia. Kwa kichwa vilevile: akitapika tena na tena, akisinzia na haamki vizuri, akitoka maji meupe au damu puani au masikioni, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akitupa miguu na mikono. Mlete usiku huohuo. Mlinzi wa hospitali atafungua.

Mama mjamzito aliyeanguka, iwe ni kutoka kwenye mti au ngazi au gogo la mtoni, aje siku ileile hata bila maumivu. Tutasikiliza moyo wa mtoto. Akiona damu, au mtoto ameacha kucheza tumboni, asingoje gari la bei nafuu.

Na kila mwenye kidonda chenye udongo aje na karatasi yake ya chanjo ya pepopunda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KWENYE BENCHI

1. Nyumbani kwako, nani anapanda mti, na kamba yake iko wapi sasa hivi? Imelowa mara ngapi?

2. Mkanda wa lori umeokotwa kando ya barabara. Utauliza nini kabla ya kuukubali?

3. Baba amefika chini ya tawi kubwa na mshipi umekwama. Afungue nini, na kabla ya nini?

4. Jirani amekuja na pikipiki kumchukua aliyeanguka. Yeye ni mkubwa wako, na amekasirika ukimkataza. Utamwambia namna gani? (Zungumzeni swali hili kwa muda. Ni gumu kuliko mengine.)

5. Mlango wa nani, katika mtaa wenu, unatoka kwa urahisi?

Siku ya kliniki ijayo, anayeweza alete kamba kutoka nyumbani. Tutaifunga kwenye mwembe wa uwanjani, kimo cha goti, na kila mama atakaa juu yake.